Liyongo ni wa Fungu Gani? Kisa cha Darasa Moja la Fasihi Simulizi

Swali lenyewe lilikuwa jepesi mno kwa chuo kikuu: hadithi ya Fumo Liyongo ni kisasili, ni kisakale au ni ngano? Darasa zima lilikuwa la watu waliotoka kufanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, na kila mmoja alikuwa bado na orodha yake kichwani. Visasili hueleza asili ya mambo na imani za jamii. Visakale, au mighani, husimulia mashujaa. Ngano ni za kubuni. Hurafa wahusika wake ni wanyama, hekaya ni za ujanja, usuli hutuambia kwa nini fisi anachechemea. Liyongo ni shujaa, kwa hiyo ni kisakale, na Lwanda Magere wa Waluo ndiye mfano wa pili endapo mtahini ataomba miwili. Mikono ikainuka kila upande.

Mhadhiri hakumchagua hata mmoja kati ya walioinua mikono. Alimwendea kijana aliyekaa nyuma, mwenyeji wa upande wa Kipini, kule Mto Tana unakoingilia baharini, akamuuliza mbona yeye kanyamaza. Kijana akasema: "Kaburi lake liko kwetu, Ozi. Mnaniuliza mzee wa kwetu ni hadithi ya aina gani?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Msichana mmoja wa Nairobi akamjibu kwamba mtu asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni hawezi kuwa wa historia, kaburi liwepo lisiwepo. Kabla hajaketi, sauti ikatoka upande wa dirishani: "Na Samsoni je?" Hapo kicheko kikakatika. Nusu ya darasa walikuwa watu wa kanisani, na hakuna aliyekuwa tayari kuandika jina la Samsoni chini ya neno ngano.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu anayeanza kozi ya visasili na masimulizi hutarajia kusoma habari za miungu na mazimwi, kumbe la kwanza analokutana nalo ni hili: hadithi aliyoiweka yeye kwenye fungu moja, mwenzake wa dawati la pili anaishi nayo kwa namna nyingine kabisa. Msimamo wangu nautanguliza. Orodha ya tanzu tuliyofunzwa sekondari haina ubaya, ila ilitufikia nusu. Tulipewa majina ya mafungu tukanyimwa vigezo vyake.

Kazi tuliyopewa

Mhadhiri hakuamua kesi. Alitaka kila mmoja wetu atafute hadithi ya shujaa kama inavyosimuliwa kwao, si kama ilivyo kwenye kitabu cha marudio, na aandike mambo ambayo orodha zetu hazikuyapa nafasi: nani amesimulia, wapi, saa ngapi, waliokuwepo walifanya nini, wapi walidakia na wapi walinyamaza. Suala la fungu lingekuja mwisho.

Kazi hiyo ilikuwa na kasoro, na nilimwambia. Ilichukulia kwamba kila mtu ana "kwao" penye msimulizi. Wenzetu waliolelewa Umoja na Kayole, mitaa ya Nairobi, ilibidi wawapigie simu shangazi zao, na mmoja alileta sauti ya WhatsApp ambayo ndani yake unasikia sufuria likikorogwa na mtoto akilia. Mhadhiri aliipokea bila kusita. Kusema kweli hiyo ndiyo iliyokuwa na muktadha mwingi kuliko zote, maana shangazi alikatiza hadithi kumkaripia mtoto, kisha akarudi nyuma kidogo kabla ya kuendelea, na pale aliporudi palikuwa na maelezo ambayo mara ya kwanza hakuyasema. Kwenye kitabu jambo hilo haliwezi kukutokea.

Mimi ni mtu wa Kano, kwa Waluo karibu na Kisumu, kwa hiyo nilirudi na Lwanda Magere. Nitamfikia. Kwanza Liyongo, kwa sababu ndiye aliyezua ubishi, na kwa sababu wengi wetu tuliokuwa tukimtaja kwenye mtihani hatukuwahi kumsoma.

Liyongo mwenyewe

Ni mtu wa pwani ya kaskazini ya Kenya, na majina yanayomfuata ni Pate, Shaka, Shanga na Ozi. Ni jitu la mtu, mshale wake haukosi, na ni malenga. Ugomvi wake ni na jamaa yake aliyetawala Pate, ambaye utenzi unamwita Daudi Mringwari, na kinachogombewa ni ufalme. Aliishi lini? Wataalamu wanatofautiana kwa karne kadhaa. Kilichopo mkononi ni maandishi ya baadaye sana: simulizi aliyoichapisha Edward Steere huko London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozikusanya Zanzibar, na utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913. Steere anamfanya mtu wa zamani za Shanga. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Shanga, kisiwani Pate, walikuta mji huo ulihamwa katika karne ya 15. Kwa hiyo waliomsimulia Steere walikuwa wakitaja mji uliokuwa magofu tangu zama za mababu wa mababu zao, na bado jina lake halikuwatoka mdomoni.

Utenzi unamwingiza kwa mbwembwe. Waoromo, ambao Kijumwa anawaita Wagala kama walivyoitwa zamani (jina ambalo wenyewe hawalitaki), wamefika Pate kutafuta chakula. Wanasikia sifa za Liyongo na wanataka kumwona. Anaitwa, mwendo wa siku nne anaumaliza kwa siku moja. Akifika anapuliza panda, yaani baragumu, inapasuka. Ya pili, inapasuka. Ya tatu vilevile. Kisha anatua mkoba wake na kuanza kutoa vilivyomo: kinu na mchi, vyungu, mafiga. Napenda sana hapo. Mashujaa wengi wa dunia huingia na panga na farasi, huyu kaingia na jiko lake zima begani. Wageni wanashikwa na hofu, halafu wanapata wazo: mtu huyu tumwoze binti yetu, tupate mbegu yake. Anaozwa, na anazaliwa mtoto wa kiume.

Mfalme naye hana usingizi. Watu wa msituni wanaahidiwa fedha wakileta kichwa chake. Wanamwalika wale makoma, matunda ya mkoma, kwa kikoa, kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wenzake, ili zamu ya Liyongo ikifika wamtungue akiwa juu. Zamu inafika. Anachukua upinde, anayaangusha makoma kwa mishale miguu ikiwa chini.

Sehemu ya gerezani ndiyo iliyonishika. Liyongo amefungwa minyororo, ameambiwa atauawa. Mama yake humpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, na kila siku walinzi hukila kile kizuri. Liyongo anamwimbia Saada wimbo mbele ya walinzi haohao: akamwambie mama atengeneze mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanausikia wimbo wote. Mkate unapofika wanautazama, wanauona ni wa wishwa, chakula cha watumwa, wanamwachia mfungwa wao.

Kisha anaulizwa anataka nini kabla ya kufa. Anaomba gungu. Gungu ni ngoma ya harusi na sherehe za waungwana wa Lamu na Pate, na nyimbo zake hujaa mafumbo. Watu hufumbiana wakafumbuliana mpaka usiku kucha. Anawafundisha wapigaji, anawaimbia yeye akiwa ndani nao wakiitikia nje, na chini ya kelele za ngoma na matoazi anaikata minyororo kwa tupa. Ngoma ikiwa imekolea anatokea mlangoni, na watu wanakimbia.

Angalia jinsi mtego huo ulivyotengenezwa. Hakuna jini wala pete ya uchawi. Jitu lililopasua panda tatu halivunji mlango kwa bega. Kinachomtoa ni mambo mawili ambayo kila mtu wa Pate aliyajua: kwamba mlinzi anadharau wishwa, na kwamba wimbo wa gungu una la ndani. Msikilizaji wa Lamu aliyekulia katika gungu anaipokea sehemu hii kwa sikio ambalo mimi wa Kano sina. Yeye anajua tangu ubeti wa kwanza kwamba Liyongo anafumba, na utamu wake ni kuwatazama walinzi wakipitwa na jambo ambalo mtoto wa mtaani kwao angelifumbua. Mashairi yanayohusishwa na Liyongo yaliendelea kuimbwa katika gungu za kweli, kwenye harusi za kweli. Ina maana msimulizi alipofika hapo, waliomsikiliza huenda walikuwa wamewahi kuziimba nyimbo hizo wenyewe, wakiwa wamevaa nguo za harusi.

Mwisho wake unajulikana zaidi. Mfalme anamtumia mtoto wa Liyongo, kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Mtoto anamuuliza baba: ni kitu gani kinachoweza kukuua? Wapo wanaosimulia kwamba baba aliitambua hila, na bado akasema: sindano ya shaba, kitovuni. Mtoto anamchoma amelala. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na mshale ukiwa upindeni, na katika hali hiyo anafariki. Mji mzima unakosa maji, kwani hakuna anayethubutu kumsogelea. Mama yake ndiye anayeletwa ambembeleze kwa nyimbo. Mpaka anapoanguka ndipo wanajua alikwisha kufa zamani. Mtoto hakumpata binti wa mfalme.

Jiwe la Kano

Aliyenisimulia Lwanda Magere ni baba yangu mkubwa, mchana, kando ya shamba la mpunga Ahero, akiwa na jirani yake. Hadithi kwa ufupi: Magere ni shujaa wa Waluo katika vita vyao na Walang'o, jina ambalo Waluo waliwaita majirani wa Kikalenjin. Mkuki haumwingii, mwili wake ni kama jiwe. Maadui wanamwoza msichana mzuri wa kwao. Siku moja Magere anaumwa, anamtaka mke amchanje dawa. Wembe haukati mwili. Anamwambia achanje kivuli. Kivuli kinatoka damu. Mke anatoroka usiku, anawaeleza watu wake, na katika vita vilivyofuata kivuli kinachomwa mkuki. Magere anaanguka, anakuwa jiwe. Jiwe lipo hadi leo, na inasemekana mwindaji aliyenoa mkuki wake pale hakurudi mikono mitupu.

Nilichokiandika daftarini zaidi ya hadithi ni ubishi. Baba mkubwa na jirani walibishana kwa muda mrefu juu ya njia waliyopita Walang'o kuja Kano, na kama vita vyenyewe vilikuwa asubuhi au alasiri, kwa sababu kivuli cha saa sita hakina urefu na aliyekichoma lazima alikiona vizuri. Suala la mwili kuwa jiwe halikugusiwa hata mara moja. Nilikuwa nimekaa nao nikashangaa: watu wazima wawili, wote mafundi wa kulima, wanapima pembe ya jua la siku ambayo mwenzangu wa Nairobi angesema haikuwahi kuwapo.

Bibi yangu alikuwa na hadithi za aina nyingine, sigana, za jioni, zilizosimuliwa watoto tukiwa tumejazana kwake. Katika sigana sungura anaongea na hakuna aliyewahi kuuliza alipitia njia gani kwenda kwa tembo. Swali lenyewe lingekuwa utovu wa adabu. Huo ndio mpaka niliouona mimi, na niliuona kwa sababu tuliambiwa tuandike walichofanya waliokuwepo. Mtaalamu wa Kihungari Linda Dégh alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba visakale vinaishi kwa kubishaniwa. Wale wazee wawili hawajawahi kumsikia, na walimthibitisha pale pale ukingoni mwa mfereji.

Nilipowasilisha darasani nilipata pigo nisilolitarajia. Mwenzetu mmoja kutoka Nandi Hills alinyoosha mkono na kusema kwa utulivu: "Basi shujaa wa hadithi hiyo ni yule msichana." Darasa lilipiga makofi. Sikuwa na la kumjibu, na sidhani lipo. Msichana aliolewa ugenini, kati ya watu waliokuwa wakiwamaliza ndugu zake, akaipata siri, akatoroka usiku peke yake na kuwaokoa. Kwenye vitabu vyetu vya shule yeye hana jina. Anaitwa mke msaliti. Ukisema "visakale ni hadithi za mashujaa" bila kuuliza ni mashujaa wa nani, umeshachagua upande wa vita kabla hujafungua daftari.

Kisigino cha Achilles

Kila darasa la namna hii lina mtu atakayesimama kusema kwamba Liyongo ni Achilles wa Waswahili, yule shujaa wa Kigiriki asiyedhurika ila kisiginoni. Letu lilikuwa nao watatu. Ulinganisho huo una chembe ya maana, lakini mara nyingi hutumiwa kumtafutia Liyongo barua ya utambulisho, kana kwamba hadithi ya Ozi haiwezi kuingia chuoni bila mdhamini wa Kigiriki.

Mhadhiri aliwauliza kisigino cha Achilles kimeandikwa wapi. Wakasema kwa Homer. Hakimo. *Iliadi*, utenzi wake wa vita vya Troya, inakwisha kabla Achilles hajafa, na humo ndani mtu huyu ana mwili wa kawaida: anajeruhiwa mkono na damu inamtoka. Habari ya mama yake kumchovya katika mto Styx akiwa amemshika kisigino tunaikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, karne nyingi baada ya Homer. Hivyo hata huko Ugiriki na Roma hadithi ilikuwa ikiongezwa viungo njiani, sawa na sauti ya yule shangazi wa WhatsApp aliporudi nyuma kidogo.

Wataalamu wa zamani walilishughulikia jambo hili kwa kulipa namba. Stith Thompson wa Marekani alikusanya vijenzi vya hadithi za dunia katika faharasa kubwa iliyoanza kutoka mwaka 1932. Humo shujaa mwenye sehemu moja tu inayodhurika yuko chini ya Z311, na siri ya nguvu iliyopatikana kwa hila iko chini ya K975. Liyongo, Magere, Samsoni na Siegfried wa Wajerumani, ambaye jani la mti lilimdondokea mgongoni alipooga damu ya joka, wote wanapata pa kukaa. Nilifurahi nilipoiona faharasa hiyo mara ya kwanza. Ni raha kuona hadithi ya Kano na hadithi ya Ozi zikiwa mlango mmoja na za mbali namna ile. Lakini namba ikishapatikana, inakuambia nini? Inakuambia zinafanana. Hiyo uliijua kabla hujaja.

Faida yake ni ukiigeuza. Weka kando sindano, kivuli na nywele, uulize: ni nani anayeitoa siri? Kwa Samsoni ni Delila. Kwa Siegfried ni mkewe Kriemhild, ambaye kwa kutaka kumlinda anamshonea adui alama kwenye nguo. Kwa Magere ni mke. Kwa Liyongo ni mwanawe. Hapo ndipo Pate inapojitenga na wengine, na jibu lake nadhani limo katika utenzi wenyewe. Ndoa ya Liyongo ilifungwa kwa ajili ya mbegu. Wakwe walilisema hilo waziwazi. Mbegu ikaota mtoto ambaye mama yake ni mgeni mjini na baba yake ni mtu anayewindwa. Mfalme akamwahidi kitu ambacho baba hakuwa nacho cha kumpa: nafasi ndani ya mji, kwa kuoa nyumba ya kifalme. Wapo wanaosimulia kwamba muuaji alikuwa mpwa, si mwana, na ukisimulia hivyo uzito wote unahamia kwenye urithi wa upande wa dada. Kila msimulizi, anapochagua neno moja kati ya hayo mawili, anasema jambo kuhusu nani katika ukoo huogopwa zaidi. Darasani tulilipitia hilo upesi mno. Mimi ningelipa wiki nzima.

Mafungu na vigezo vyake

Tuliporudi kwenye swali la mwanzo tulipewa kusoma watu wawili. Wa kwanza ni William Bascom, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa mambo ya Wayoruba, ambaye mwaka 1965 alipendekeza kwamba visasili, visakale na ngano vitenganishwe kwa jinsi wenyewe wanavyovichukua: vinaaminiwa au haviaminiwi, vimetokea lini na wapi, ni vitakatifu au vya kawaida. Kwa kipimo chake Liyongo wa mwenzetu wa Kipini ni kisakale bila shaka: anaaminiwa, mahali pake panajulikana, na ulimwengu wake ni huuhuu wetu. Liyongo wa msichana wa Nairobi ni ngano. Maneno ni yaleyale, na Bascom haoni tatizo lolote hapo. Alikiri kwamba hadithi ikivuka kutoka jamii moja hadi nyingine huweza kubadilisha fungu. Ubishi wa siku ya kwanza haukuwa wa ujinga basi. Kila upande ulikuwa ukisema kweli juu ya wasikilizaji wake.

Wa pili ni M. M. Mulokozi, ambaye makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi ilitoka katika jarida la *Mulika* mwaka 1989. Yeye ndiye mwenye yale mafungu sita ambayo wanafunzi wa Tanzania huyataja usingizini: mazungumzo, masimulizi, maigizo, semi, ushairi na ngomezi, yaani ujumbe wa ngoma. Nilichokikuta ni kwamba kabla ya kuyataja mafungu alieleza anayagawa kwa misingi gani, umbile na tabia ya kazi yenyewe kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine muktadha na namna inavyowasilishwa. Muktadha umo tangu mwanzo! Vitabu vya marudio vilibeba mafungu, misingi vikaiacha kwenye jarida.

Tukamjaribu Liyongo kwa misingi hiyo. Anaposimuliwa Ozi kama habari za wazee, yumo katika masimulizi. Kijumwa alipomwandika mwaka 1913 alimweka katika ushairi, na utenzi wake hauanzi kwa "Paukwa! Pakawa!" bali kwa jina la Mwenyezi Mungu, kama tenzi nyingine za pwani, msikilizaji anaambiwa tangu neno la kwanza asikae mkao wa ngano. Nyimbo za gungu zina utendaji wake na wachezaji wake, na mafumbo yaliyomo yana jamaa zake upande wa semi. Mtu mmoja, karibu kila chumba cha nyumba. Ruth Finnegan, mtafiti wa fasihi simulizi ya Afrika, aliandika mwaka 1970 kwamba tendi, yaani masimulizi marefu ya kishairi ya mashujaa, hazionekani kuwapo sana Afrika kusini mwa Sahara, akiwatenga Waswahili kwa sababu zao ziliandikwa. Mwaka mmoja kabla yake Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walikuwa wamechapisha utendi wa Mwindo wa Wanyanga, mashariki mwa Kongo, unaosimuliwa, kuimbwa na kuchezwa na mtu mmoja. Hata mafundi wa mafungu, basi, huamua kwa yale yaliyokwisha kuwafikia mezani.

Ninapotofautiana na mhadhiri wangu ni hapa. Yeye alimalizia kwa kusema kwamba fungu si muhimu, muhimu ni utendaji. Naona ameruka upande wa pili. Baba mkubwa na jirani yake wanajua kabisa tofauti ya sigana na habari za Magere. Wanaitunza kwa saa ya kusimulia, kwa nani anaruhusiwa kudakia, kwa swali gani ni halali kuulizwa. Hilo ni fungu, tena lenye masharti makali kuliko ya mtahini. Tukisema mafungu hayana maana tutakuwa tumewapokonya wasimulizi elimu yao mara ya pili, mara hii kwa jina la kuwaheshimu.

Mwishoni mwa kazi kila mmoja alitakiwa ajibu upya, kwa maandishi, Liyongo ni wa fungu gani. Mimi niliandika kisakale kwa watu wa Ozi, na nikaeleza kwa nini sikuweza kusema zaidi ya hapo bila kumkalisha msimulizi mwingine nimsikilize. Mwenzetu wa Kipini aliandika majibu matatu. Kwa babu yake mvuvi, habari za mzee wa kwao. Kwa shangazi yake aliyeimba kwenye harusi za Lamu, nyimbo, na hadithi ni maelezo tu ya nyimbo zilitoka wapi. La tatu lilikuwa lile tulilolijua sote tangu kidato cha nne: kisakale, shujaa, alama mbili. Mhadhiri alimpa maki nzuri, ila penye jibu la tatu alimwandikia pembeni kwamba msimulizi, mahali na wasikilizaji havijatajwa. Kijana alilipeleka tena daftari wiki iliyofuata, akiwa amejaza: mtungaji wa mtihani, chumba cha mtihani, watahiniwa waliokatazwa kuzungumza.